Vibonzo vya mkusanyiko: tazama mgongo kabla ya jalada

Anayeanza kukusanya vibonzo huuliza kwanza jalada gumu au jalada laini, na muuzaji humjibu kwa bei. Lakini kinachoamua kama kitabu kitadumu, na kama utaiona picha yote aliyoichora mchoraji, ni pale kurasa zinaposhikana, kwenye mgongo. Kuna vitabu vya jalada gumu vilivyobandikwa gundi tupu, vinavyoanza kutema kurasa baada ya kusomwa mara tatu nne. Kuna vya jalada laini vilivyoshonwa uzi, vinavyofunguka vikalala mezani kama mkeka. Ukijua kuvitofautisha hivyo viwili, swali la jalada linakuwa jepesi.

Kiwandani kitabu hakianzi kikiwa karatasi mojamoja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa ikawa fungu la kurasa 16 au 32. Kitabu kikishonwa, uzi hupita katikati ya mkunjo wa kila fungu na kulifunga kwa jirani yake. Gundi inayopakwa mgongoni baadaye ni ya kusaidia tu. Kikibandikwa, mafungu hupangwa, kisha mashine hukwangua mgongo milimita 2 au 3 mpaka mikunjo yote iondoke. Hapo kila karatasi imebaki peke yake, na kilichoishika ni ukingo wake mwembamba uliozama kwenye gundi. Kwa hiyo kitabu cha gundi kimeshapoteza kitu kabla hakijafika dukani: karatasi hazishikani tena zenyewe kwa zenyewe, na milimita kadhaa za upande wa ndani zimekwenda na vumbi la mashine.

Gundi nazo hazilingani. Ya kawaida, EVA, hupakwa ikiwa ya moto na kuganda ikipoa. Ubaya wake ni kwamba joto likirudi nayo hulegea, na ikizeeka hukauka na kukatika. Kitabu cha gundi hiyo kikiachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani, kisha kikafunguliwa kwa nguvu, kurasa za katikati ndizo zinazotangulia kutoka. Gundi ya PUR hugandishwa na unyevu wa hewa, na ikishaganda haiyeyuki tena. Hupindika bila kukatika. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, ndiyo maana ni heri kutafuta uzi.

Kutafuta uzi ni kazi ya nusu dakika. Simamisha kitabu, kifungue kidogo, utazame mgongo kwa juu. Kilichoshonwa kinaonyesha mafungu: vijirundo vilivyopinda, kimoja kimoja, kama vitambaa vilivyokunjwa na kupangwa kabatini. Cha gundi kinaonyesha ukingo ulionyooka kama tofali lililokatwa kwa msumeno. Ukishaona mafungu, fungua katikati ya fungu mojawapo. Utauona uzi mweupe ukitokeza kwenye mkunjo, ukipotea, ukitokeza tena sentimita chache chini yake. Usidanganywe na kile kitambaa cha rangi kilichobanwa juu na chini ya mgongo wa jalada gumu. Zamani kilikuwa sehemu ya ushonaji. Siku hizi hukatwa kutoka kwenye mkanda na kubandikwa, na hata kitabu cha gundi tupu hukivaa. Ukinunua mtandaoni, tafuta neno "sewn" (yaani kimeshonwa) kwenye maelezo, na kama halipo, muombe muuzaji picha ya mgongo iliyopigwa kutoka juu. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakushangaa.

Kwa riwaya ya maneno matupu, gundi haina dhara kubwa, kwa sababu mpiga chapa huacha pambizo pana. Kwenye vibonzo picha hufika mpaka ukingoni, na mara nyingine huvuka kutoka ukurasa wa kushoto kwenda wa kulia. Mfano mzuri kuliko yote ni Watchmen, kazi ya Alan Moore na Dave Gibbons iliyotoka katika matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Toleo la 5 limejengwa kama kioo: mpangilio wa visanduku wa ukurasa wa kwanza unarudi kwenye ukurasa wa mwisho, wa pili kwenye unaoutangulia, hivyo hivyo mpaka pande zote mbili zikutane kwenye kurasa za 14 na 15, ambapo tukio moja kubwa limegawanywa sawasawa na mkunjo. Katika gazeti la awali lililobanwa kwa pini, yaani toleo lenyewe kabla ya kukusanywa kitabuni, karatasi ililala wazi kabisa. Weka kurasa hizo hizo kwenye kitabu kinene cha gundi: mstari wa kioo unazama bondeni, na ili uuone inabidi ukivunje mgongo. Kitu alichokipima mchoraji kwa rula kimemezwa na gundi. Kwa kitabu kama hicho ningetafuta chapa iliyoshonwa hata kama ni ghali zaidi, na nisingejali jalada lake ni gumu au laini.

Unene una mchango wake. Mkusanyiko wa kawaida wa Marekani una matoleo 5 au 6, kurasa 120 hadi 150 hivi, na mgongo wake hauzidi sentimita moja sana. Kitabu chembamba hivyo hufunguka vizuri hata kikiwa cha gundi. Kasoro huanza kuonekana unapovuka kurasa 300. Safu ya Epic Collection ya Marvel, kampuni ya vibonzo ya Marekani, iliyoanza 2013, hukusanya kurasa zinazokaribia 400 au 500 kwa jalada laini. Ni njia ya bei nafuu ya kusoma hadithi za zamani mfululizo, ila zisomwe zikiwa zimefunguliwa nusu, kidole gumba kikiwa chini ya ukurasa, si kwa kukipindua kitabu nyuma kama gazeti. Ule mstari mweupe unaojitokeza mgongoni ni jalada lililokunjika mahali gundi ilipopinda kupita kiasi, na ukurasa wa kwanza kuanguka kwa kawaida utatoka hapo.

Upande wa pili kuna majitu: Omnibus za Marvel, jalada gumu, zimeshonwa, nyingi zikiwa na kurasa kati ya 700 na 1,200. Mshono wake unazifanya zilale wazi, na ukubwa wake unazidi kidogo ule wa gazeti la awali. Kasoro yake ni uzito, na uzito unaweza kuukadiria mwenyewe kabla ya kulipa. Ukurasa wa kawaida wa Marekani ni sentimita 17 kwa 26 hivi. Kurasa 144 ni karatasi 72, sawa na mita za mraba 3.2. Karatasi ya gramu 100 kwa mita ya mraba inakupa gramu 320, na jalada laini linaongeza kama 30. Kwa hiyo gramu 350. Hadithi hiyo hiyo kwenye jalada gumu ina mbao mbili za karatasi nene, milimita 2.5 kila moja, zenye kama gramu 150, pamoja na karatasi ya kuzifunika, kurasa za kubandikia na koti la nje; unafika gramu 550. Kurasa 1,000 zinaanza na kilo 2.2 za karatasi peke yake, na karatasi ikiwa nene kidogo unafika kilo 3 kamili.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayeagiza kupitia wakala anayetoza kwa kilo, hesabu hiyo ndiyo bei halisi. Kampuni za usafirishaji wa ndege pia hupima ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, kisha wanatoza namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito wa mizani. Boksi la sentimita 36 kwa 27 kwa 14 linahesabiwa kilo 2.7 hata likibeba kitabu kimoja cha kilo moja. Ndiyo maana ni afadhali kuagiza vitabu vya jalada laini vitano kwa boksi moja kuliko kimojakimoja. Jalada gumu halipendi boksi lenye nafasi: kitabu kikitikisika, pembe hugonga na kubonyea, na pembe iliyobonyea hainyooki tena. Mwambie mtumaji akiviringishie kitabu plastiki ya mapovu mara mbili, pembe zipate vipande vya kadibodi, na boksi lisisikike likitikiswa.

Ukubwa wa ukurasa unastahili kuangaliwa kabla ya jalada pia, kwa sababu jalada gumu halimaanishi picha kubwa. Vitabu vya Tintin kwa Kiingereza viko vya jalada laini, karibu sentimita 22 kwa 29, na viko vya jalada gumu vinavyobeba hadithi tatu kwa pamoja, karibu sentimita 16 kwa 23. Hicho cha pili kinapendeza kwenye rafu, lakini Hergé, mtunzi wa Tintin, aliandika maneno mengi ndani ya visanduku vidogo, na ukiyapunguza kwa zaidi ya robo, mtu mzima anahitaji miwani. Mtoto anayejifunza kusoma mpe kile laini kikubwa. DC, kampuni nyingine ya vibonzo ya Marekani, nao walianza mwaka 2024 kutoa safu ya Compact, jalada laini, sentimita 14 kwa 21.6, kwa dola 9.99. Herufi zimepungua kama asilimia 17. Kwa bei hiyo ni kitabu cha kusoma ndani ya basi na kuazima rafiki, na kinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Usikinunue kwa ajili ya kuchunguza mistari ya kalamu. Ukitaka mistari ya kalamu, DC hao hao wana safu ya Absolute, vitabu vya jalada gumu ndani ya kasha, vyenye kurasa kubwa kuliko gazeti la awali.

Kuna wakati jalada laini linashinda waziwazi. Aya, hadithi ya Marguerite Abouet iliyochorwa na Clément Oubrerie kuhusu wasichana wa Yopougon, Abidjan, ilitolewa kwa Kiingereza kuanzia 2007 ikiwa juzuu za jalada gumu. Mwaka 2012 mchapishaji huyo huyo, Drawn & Quarterly wa Montreal, akaziunganisha juzuu tatu za kwanza kwenye kitabu kimoja cha jalada laini. Ni hadithi ya mazungumzo na mafumbo ya mtaani, unataka kuisoma kwa mkupuo, na kitabu kimoja laini kinakidhi haja.

Ufaransa na Ubelgiji mambo ni mengine kabisa. Huko jalada gumu ndilo la kawaida, hata kwa kitabu chembamba. Albamu ya kawaida ina kurasa 48, yaani mafungu matatu ya kurasa 16, kwa ukubwa wa karibu sentimita 24 kwa 32. Wachoraji wa Kongo wanaochapishwa Ulaya wanaingia kwenye mkondo huo: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alitoa Madame Livingstone kwa Glénat mwaka 2014, na rangi zake za maji zinahitaji ukurasa mpana. Usisubiri bei ishuke. Sheria ya Ufaransa ya 1981 inamzuia muuzaji kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya bei ya kitabu kipya, kwa hiyo duka la pembeni na duka kubwa wana bei karibu moja. Unachoweza kusubiri ni kile wanachokiita intégrale, albamu tatu au nne ndani ya jalada moja. Pima ukubwa wake kwanza, kwa maana baadhi hupunguzwa.

Sasa hewa yetu ya pwani. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Plastiki inayong'aa juu ya jalada hainywi. Kwenye jalada laini upande wa ndani hutanuka, wa nje unabaki palepale, na jalada hujikunja kwenda nje kama jani lililokauka. Hilo halina dhara: lilaze chini ya vitabu vizito siku za kiangazi, litarudi. Kwenye jalada gumu mbao zenyewe hupinda, na zikishapinda wakati gundi ya kufunikia ilikuwa na unyevu, zinabaki hivyo. Koti la karatasi nalo hujikunja kingo na kuchanika pale juu ya mgongo, mahali watu wanapovutia kitabu kutoka rafuni. Sukuma ndani vitabu viwili vya jirani, kisha ushike hicho katikati kwa kiganja.

Kinachoumiza zaidi ni maji. Karatasi inayong'aa imepakwa udongo mweupe laini na kiungo cha kuunatisha. Ikilowa, tabaka hilo linalainika. Ikikauka huku kurasa zimebanana, zinageuka tofali moja na hakuna fundi wa kuzitenganisha. Karatasi isiyong'aa inaweza kulowa, ikaanikwa, ikasomeka. Kwa hiyo kibonzo cha karatasi ya kung'aa kikiloweshwa na paa linalovuja, usikiache kikauke chenyewe. Kama maji ni machache, weka karatasi ya nta kati ya kila ukurasa uliolowa saa hiyo hiyo, mbele ya feni. Kama kimelowa chote, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, ukitie kwenye friza. Ugandishaji unasimamisha kunata mpaka upate nafasi ya kukifanyia kazi kurasa chache kwa wakati mmoja.

Friza hiyo hiyo inaua wadudu. Kitabu kikavu kilicho na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukikiinua, kifunge mfuko usiopitisha hewa, ukikalishe nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo mvuke utatua juu ya kurasa baridi ukawa umejiletea ukungu. Rafu iwe mbali na ukuta wa nje angalau sentimita 5, na ubao wa chini uinuke sentimita 15 kutoka sakafuni ili mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo uione mapema.

Vitabu vizito vya jalada gumu vina ugonjwa wao hata pakiwa pakavu. Mbao za jalada ni ndefu kuliko kurasa kwa milimita 3 hivi juu na chini. Kitabu kikisimama, kurasa zote zinaning'inia hewani, zimeshikwa na mgongo tu. Kilo 3 zikining'inia hivyo mwaka mzima, rundo la kurasa linainamia mbele na kujivuta kutoka juu ya mgongo. Ukitazama kwa juu utaona mwanya kama wa mlango uliolegea bawaba. Dawa yake ni kadibodi. Pima mwanya ulio chini ya kurasa, kata kipande cha unene huo, upana upungue kidogo kuliko unene wa rundo la kurasa, ukiingize kati ya mbao mbili kitabu kikiwa kimesimama. Kurasa sasa zinakalia kadibodi. Au laza kitabu, usizidishe vitatu juu ya kimoja.

Kitabu kipya kilichoshonwa kisifunguliwe katikati siku ya kwanza. Kiweke juu ya mgongo wake, shusha jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa kumi za mbele, kumi za nyuma, ukipitisha kidole taratibu kwenye bonde, mpaka ukutane katikati. Kwa kitabu cha gundi zoezi hilo lifanyike kwa upole zaidi, bila kukilaza kabisa.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu. Hadithi unayoisoma kwa mara ya kwanza, hujui kama utaipenda: jalada laini jembamba. Mfululizo mrefu ambao juzuu zake bado zinatoka: jalada laini pia, maana matoleo ya jalada gumu mara nyingi hukatishwa njiani mauzo yakipungua, ukabaki na juzuu tatu ngumu na mbili laini. Kazi unayoirudia, yenye picha za kurasa mbili, na iliyokamilika: iliyoshonwa, kubwa, na hapo jalada gumu lina haki ya fedha yako. Omnibus usiikawize ukiwa na uhakika unaitaka, kwa sababu zikiisha huenda miaka ikapita kabla ya kuchapwa tena, na bei ya mitumba hupaa.

Usiogope kitabu cha gundi kilichoanza kutema kurasa, ila usikimbilie mkanda wa kubandikia. Gundi yake huchuruzika, hugeuka njano na kuunganisha kurasa zisizohusika. Ukurasa mmoja ukitoka, tumia gundi nyeupe ya PVA. Paka mstari wa milimita 2 kwenye ukingo wa ndani kwa ncha ya kijiti, usukume ukurasa mpaka ulingane na wenzake kwa nje, weka karatasi ya nta pande zote mbili, funga kitabu, kigandamizwe na vitabu vizito kwa muda wa saa 12.

Zikitoka nyingi, fundi wa kubaindi anaweza kukivisha jalada gumu, lakini mpe maelekezo kabla hajagusa. Mafundi wengi wamezoea tasnifu za chuo: hutoboa matundu pembeni na kupitisha uzi ubavuni, na hapo zaidi ya sentimita moja ya kila ukurasa inazikwa. Kwenye tasnifu ni pambizo tupu, kwenye kibonzo ni uso wa mhusika. Mwambie asitoboe. Abane kurasa, akwangue gundi ya zamani, apinde rundo upande mmoja ili kingo zitawanyike kidogo na kupaka PVA ili iingie kama milimita moja kati ya karatasi na karatasi, alipinde upande wa pili na kupaka tena, kisha abandike kitambaa chepesi cha pamba juu ya mgongo kabla ya kufunga jalada. Likae limebanwa usiku kucha, na lisifunguliwe mpaka kesho yake jioni.